Shyaka wa Kingi na Nusu ya Godoro Lake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Shyaka wa Kingi, kule Masisi. Shyaka, mtengenezaji wa fromaji, yaani jibini. Alizikwa juzi. Na tusidanganyane: mtangazaji wenu ameingia studio na hasira, na hana mpango wa kuificha.

Shyaka alizaliwa katika jamaa ya ng'ombe na maziwa. Alikuwa mcheshi, fundi wa kuiga sauti za watu. Kisha lori lililobeba fromaji likapinduka kwenye mteremko, naye alikuwa juu ya mzigo. Uti wa mgongo ukavunjika. Toka kiunoni kushuka chini, hakusikia kitu tena. Dada yake mkubwa, Uwamwezi, akamchukua nyumbani kwake.

Muuguzi alimweleza Uwamwezi jambo moja. Mtu asiyeweza kujigeuza, ngozi yake huoza pale mfupa unapokandamiza, na kidonda hicho kinaweza kumuua. Basi vita vya yule mama vikawa godoro. Kwanza alinunua eponji ya kawaida, laini kama andazi. Kila mgeni aliisifu. Kumbe Shyaka alikuwa anazama mpaka kwenye mbao! Kidonda kikafunguka.

"Mi njo minamuua ndugu yangu, na mikono yangu," Uwamwezi alisema, akalia.

Akauza mtamba, akaenda Mweso kwa Papa Patient, muuza magodoro. Huko akakuta mpira wenyewe, ule wa utomvu wa mti, wa aina mbili. Mmoja mzito, umeshikana, unabeba mwili. Mwingine mwepesi, una vitundu vingi, unalegea kufuata mifupa. Papa Patient akaupiga ule mwepesi ngumi.

"Mama, ona vile inarudi! Beba hii, utanishukuru."

"Papa, ndugu yangu atalalia mugongo, hatalalia ngumi."

Akavua viatu, akapanda juu ya meza ya duka, akalala mbele ya wateja. Watu wakacheka. Yeye wala! Akalala chali, akalala ubavu, akajaribu huu, akajaribu ule. Akashuka akasema anataka yote miwili. Mzito chini, umbebe. Mwepesi juu, umbembeleze.

Akaishonea mfuko mmoja. Mzito chini, mwepesi juu. Kidonda kikafunga, wasikilizaji wapendwa. Shyaka akarudia kuiga sauti za watu, hata ya padri hakuiacha. "Dada, sasa niko mutajiri," alimtania. "Nalalia etaji mbili, kama nyumba ya ghorofa!"

Halafu vita vikafika Kingi. Wakamlaza Shyaka juu ya godoro, godoro juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakasukuma kuelekea Sake. Njiani wakakuta kizuizi, na wanaume wenye bunduki. Majina yao hatuyajui. Mmoja akapasua mshono kwa kisu, akachungulia, akacheka.

"Mama, kumbe hapa iko matela mbili! Moja iko yetu. Chagua."

Chagua! Mnalisikia neno hilo? Mtu anakuibia, kisha anakupa heshima ya kuchagua!

Uwamwezi alipiga magoti. Alieleza, alisihi, akamfunua ndugu yake awaonyeshe kovu. Bunduki ikakokiwa. Alijua kule waendako watu wanalala juu ya mawe ya volkeno. Mpira mwepesi peke yake ungebonyea, mfupa ungefika kwenye jiwe. Akaonyesha ule mzito, ndio abaki nao. Shyaka alikuwa amelazwa kwenye majani, kando ya barabara. "Umechagua muzuri, dada," alimwambia. Wakapita na nusu ya godoro.

Katika kambi ya wakimbizi Uwamwezi alimgeuza mchana na usiku. Alitandika vitenge vyake vyote juu ya mpira ule mgumu. Dawa hakuna. Ngozi ikapasuka mgongoni, kisha kwenye visigino. Homa ikapanda. Shyaka akafa, kijana wa miaka thelathini na minne.

Na bado! Kwenye kilio, wanawake wamekaa chini kama desturi, juu ya mpira uleule, jirani mmoja, Mama Nyiramana, akanong'ona: "Angebeba ile laini, mutoto wa watu angekuwa muzima."

Uwamwezi akasikia. Akawainua wanawake, akauvuta mpira pembeni, mawe yakabaki wazi.

"Lala, Mama. Lala hapo, unionyeshe vile ningechagua."

Mama Nyiramana akayatazama mawe. Hakulala.

"Kila muntu ananiuliza sababu gani nilichagua hii," Uwamwezi alisema. "Hakuna ata mumoja ananiuliza ni nani alinilazimisha."

Aibu yetu sisi wote! Aliyeporwa tunamkalia kikao, tunampima akili. Aliyepora tunamwachia barabara. Shyaka hakuuawa na mpira mgumu. Shyaka aliuawa na kizuizi, na hilo litasemwa hapa, hewani, tena na tena.

Mama Uwamwezi, na jamaa yote ya Kingi, poleni sana. Mungu ampumzishe Shyaka mahali ambapo mgongo hauumi. Ninyi mnaosikiliza, mkikutana na huyu mama, mpeni mkono, maswali ya mpira muyameze. Waulizeni wenye bunduki.

Na wewe uliyebeba ule mwepesi, kama redio iko karibu yako asubuhi hii, tunakusalimu kama tunavyosalimiana kwetu: umelala muzuri?