Mafundo Kwenye Mkono wa Benchi

Benchi lile limeegemea ukuta wa hospitali ya mafunzo, hatua kumi kutoka getini, na asubuhi halikosi watu wala ubishi. Mama Birika anauzia kahawa upande wa getini. Klachi, aliyefundisha watu udereva miaka thelathini mpaka goti la kushoto likagoma, hukaa katikati. Kichwa Habari, muuza magazeti anayesoma vichwa vya habari tu na yaliyobaki akayajaza kwa akili yake, hukaa popote penye kivuli. Mwisho kabisa, kwenye mkono wa chuma, ni kwake Nusu Inchi, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kukiri kosa lililozidi nusu inchi. Asubuhi hiyo Nusu Inchi alikuwa kimya, na watu wa benchi walikuwa hawajauzoea ukimya wake. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Hebu itoe tuione, alisema Klachi. Tangu umeketi unaipapasa tu, utadhani itatoroka.

Nusu Inchi akaitoa. Kesho yake alikuwa anapasuliwa ngiri iliyomtesa mwaka mzima, na hiyo ilikuwa karatasi ya kukubali kupasuliwa. Alitakiwa aifikishe wodini kabla ya saa nne, imetiwa sahihi. Ngiri yenyewe haikumpa shida. Kilichomnyima usingizi ni mstari mmoja wa katikati: atapasuliwa na daktari aliye mafunzoni, daktari bingwa akiwa amesimama kando.

— Aliye mafunzoni ndiyo nani? aliuliza Mama Birika.

— Ni huyu huyu wetu. Binti wa Mafundo.

Wote wakageuka kuutazama ule mkono wa benchi. Binti wa Mafundo alikuwa daktari anayesomea upasuaji, na kwa miezi saba alikuwa akinywa kahawa hapo kabla ya kuingia kazini. Mikono yake haikujua kutulia. Alikuwa akichomoa uzi mfukoni mwa koti na kufunga mafundo, kikombe mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukifunga peke yake. Chuma cha benchi kilikuwa kimeota nyuzi nyeusi kama ndevu, kuanzia nyuma alikoanzia hadi mbele. Hata mpini wa birika alishaufunga mara mbili, na mara zote mbili Mama Birika alipiga kelele.

— Jana alikuja dukani, alisema Nusu Inchi. Akasimama mbele ya cherehani, mikono nyuma. Akasema, baba, itakuwa mara yangu ya kwanza kupasua mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ukikataa sitanuna, atakufanyia bingwa.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia suruali yake ya kazi imefumuka pindo, aiache.

Klachi akapiga goti zima kwa kiganja.

— Kataa! Mimi gari langu la kufundishia lilikuwa na breki mbili, ya mwanafunzi na yangu. Mtu akitaka kutuingiza dukani kwa watu, nakanyaga yangu. Wewe tumboni una breki ngapi?

— Si bingwa atakuwepo? alisema Mama Birika.

— Atakuwepo, sawa. Atakanyaga nini?

Kichwa Habari akakohoa kama mtu anayeitwa kwenye kipaza sauti.

— Wenzetu huko duniani wameshatoka huko, bwana. Wanajifunzia kwenye sanamu. Ya mpira, inapumua, ina damu. Ukikata vibaya inapiga kelele. Ukirudia kosa, inakutukana.

— Umesoma wapi hayo?

— Nimeona kichwa cha habari. Hayo mengine yanajulikana.

— Na inatukana kwa sauti ya nani? aliuliza Klachi, ambaye alikuwa ameanza kuvutiwa.

— Ya mwalimu wao. Ndilo somo lenyewe hilo.

— Hata hivyo, hata hivyo, alisema Klachi. Akitoka kwenye sanamu avalishwe kibao chekundu, kama gari la wanaojifunza. Kimoja kifuani, kimoja mgongoni. Mgonjwa ukikiona tu, unashika ukingo wa kitanda.

— Utashikaje na umeshalazwa usingizi? alisema Mama Birika.

Klachi akafikiri.

— Basi kibao avae mgonjwa. Ili wenzake wodini wampishe.

— Mnazunguka mbuyu, alisema Kichwa Habari. Dawa ni moja. Mwanafunzi ampasue kwanza mwalimu wake. Mwalimu akiamka, mwanafunzi kafaulu. Asipoamka, wamefeli wote wawili, maana alimfundisha vibaya.

— Na mwaka unaofuata nani atafundisha?

Kichwa Habari akanywa funda refu la kahawa.

— Hilo ni la wizara.

Walicheka wote isipokuwa Nusu Inchi. Alikuwa akiichezea ile karatasi, anaikunja, anaikunjua.

— Mimi nimemwona tangu anaanza, alisema. Fundo lake la kwanza hapa lilifunguka lenyewe, kwa upepo. Siku moja alimwaga kahawa, akamwomba radhi Mama Birika, akaniomba mimi, akaliomba na birika.

— Na wewe ukamgombeza, alisema Mama Birika.

— Nilimwelekeza! Nilimwambia, mwanangu, unavuta kwa hasira. Fundo unalilaza. La pili lipite upande wa pili, lisipopita litateleza. Akatoa daftari, akaandika. Daktari mzima, na miwani yake, anaandika maneno ya fundi cherehani.

Alitabasamu aliposema hivyo, kisha akakumbuka karatasi.

— Sasa unaogopa nini? aliuliza Klachi, safari hii kwa upole.

— Kisu sikiogopi. Namwogopea yeye. Nikimfia pale mezani, mimi mzee wa benchini, yule mtoto hatashika kisu tena. Atanibeba moyoni mpaka uzeeni. Mtu baki akimfia atalia wiki, kisha atarudi kazini. Nampenda, jamani, na kwa sababu nampenda nakataa. Aanze na mtu baki.

Klachi akainamisha kichwa kwa heshima. Kichwa Habari akasema maneno hayo yangetosha ukurasa wa mbele. Hata Mama Birika, ambaye hakubaliani na mtu kabla ya saa sita, alijifuta macho kwa pembe ya kitenge. Hukumu ikawa imetoka: fundi akatae.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi pembeni muda wote huo, bahasha kubwa ya picha za eksirei mapajani, akingoja geti lifunguliwe. Hakuwa mtu wa benchi, na hakuna aliyemjali zaidi ya kumsogezea kikombe.

— Shikamooni wazee, alisema. Samahani, si kwamba naingilia.

— Marahaba, mwanangu. Ingilia tu, benchi ni la wote, alisema Klachi.

— Huyo daktari ninyi mnamjua. Mmeona alivyoanza, mnajua alipofika. Mimi simjui, na wiki ijayo napasuliwa humu humu, alisema akipapasa bahasha yake. Huyo mtu baki mnayemsema ndiye mimi. Nina watoto watatu. Kama ninyi mnaompenda hamumtaki, aanze na nani?

Klachi akautazama mguu wake wa breki. Kichwa Habari akaanza kupanga magazeti ambayo yalikuwa yamepangika. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha yule mgeni, yakatoka machicha matupu.

Nusu Inchi akaiweka karatasi mapajani. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akageukia mkono wa benchi. Alianza na mafundo ya nyuma kabisa, ya miezi saba iliyopita. Aliyagusa kwa kidole kimoja yakaachia. Ya katikati aliyavuta, yakasitasita, yakateleza. Akafika mbele, kwenye la juzi. Akalivuta kwa vidole viwili. Akalichokoa kwa ukucha. Akatoa sindano kwenye ukosi wa shati, ile ya kufumulia kazi za mafundi wenzake, akatafuta pa kuipenyeza, akakosa. Lilikuwa limelala bapa juu ya chuma, dogo, safi, la pili limepita upande wa pili kama alivyoagiza.

 Kwa fundo kama hilo, kama binti angekuwa mwanafunzi wake wa cherehani, angekuwa ameshampa koti la bwana harusi alishone peke yake.

— Kalamu, alisema.

Kichwa Habari akampa ile ya kujazia mafumbo ya gazetini. Nusu Inchi akaitandaza karatasi juu ya goti zima la Klachi, akatia sahihi, akanyanyuka polepole, mkono mmoja tumboni.

— Ikifika zamu yako, alimwambia yule mwanamke, omba uwe kwake. Atakuwa ameshanipitia mimi.

Geti lilikuwa linafunguliwa. Alipiga hatua nne, akageuka.

— Mama Birika, binti akipita mwambie pindo lake liko tayari, na nimelishona mara mbili. Na mwambie kesho asivute. Fundo alilaze tu.