Dume Lina Jina, Mwanangu Ana Nambari

Ndugu Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Baba Paroko, Daktari Mkuu mwenye shughuli hii, Mzee Akida na wafanyabiashara wenzako wa Ushirombo mliotuchangia mabati, masista, wauguzi, na ninyi wazazi wenzangu mliotoka Masumbwe: salamu zangu zimfikie kila mmoja kwa heshima yake, na wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Mektilda, mama yake Klara, mwalimu wa elimu ya watu wazima kule Masumbwe. Nimeitwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wazazi waliowahi kuuguza watoto wao hapa, kabla utepe wa maabara hii haujakatwa. Shukrani nilikuwa nazo, nimezifanyia mazoezi njia nzima. Lakini Daktari amezungumza kabla yangu, na alichokisema kimenifanya niziweke kando kwanza.

Mmemwona alivyofungua ule mtungi, moshi wa baridi ukatoka, nanyi mkapiga makofi. Akasema humo mna chembe hai za kansa, zimegandishwa kwa baridi isiyo na mfano, na kwamba zikiyeyushwa huanza tena kukua, wataalamu wakazijaribia dawa. Akasema zilizo bora kuliko zote ni za nambari kumi na saba, binti wa Masumbwe aliyekuwa na uvimbe wa taya, aliyefariki mwaka ule wa njaa. Daktari, hukujua kwamba mama wa nambari kumi na saba ameketi nyuma yako?

Ndugu zangu, siku tulipokuja kumchukua Klara tukamzike, mama mkwe wangu, Bibi Mageni, alikataa maiti itoke wodini mpaka apewe kile kinyama kilichokatwa tayani. Katika ukoo wetu mtu huzikwa mzima. Kikikatwa kitu mwilini, hutunzwa, akifa huzikwa nacho. Mlimjibu nini? Mlimwambia kimechomwa moto! Bibi akachukua kitambaa cha kichwa cha mtoto, akakikunja, akakiweka shavuni, mahali palipopungua. Tukazika, tukanyoa nywele, tukaanua matanga. Kumbe tumeanua matanga ya mtu ambaye hatujamaliza kumzika.

Na mtungi wenyewe sisi wafugaji tunaujua. Ni kama ule wanaokuja nao mabwana mifugo wakileta mbegu za madume. Bwana mifugo akifika zizini hukuambia hii ni ya dume fulani, limetoka mahali fulani, na jina lake limeandikwa. Dume lina jina! Mwanangu, aliyebatizwa na Baba Paroko huyuhuyu, ana nambari. Je, hiyo ndiyo elimu mnayotaka niwafundishe watu wazima wa Masumbwe?

Msinielewe vibaya. Daktari ni mtu wa kazi. Nilimwona akilala sakafuni kando ya kitanda cha Klara, na sifa hiyo simnyang'anyi. Wala sisemi chembe hizo zimwagwe. Kama zitamponya mtoto wa Kishapu, au wa huko Ulaya, Klara angefurahi, maana hakujua kunyima hata kipande cha kiazi. Lakini anayetoa huombwa. Mlidhani tungekataa? Pengine tungekataa, pengine tungekubali, mngetuuliza mkajua. Sisi hatukuulizwa, tulidanganywa, tena tukiwa na maiti mikononi. Nimekasirika, na sioni haya kusema.

Sasa geuzeni macho mlangoni. Mlipokuwa mnapiga makofi, Bibi Mageni aliniinamia akaniuliza, "Mayu, mama, huyo anayesemwa si Klara wetu?" Nikamwambia ndiye. Hakulia. Alibeba kigoda chake akaenda kukaa pale chini ya utepe, na anasema hainuki mpaka aonyeshwe mjukuu wake alipo, na jina liandikwe mbele ya macho yake. Baada ya hapo atasema mwenyewe kama anamwacha aendelee na kazi, au anakwenda naye nyumbani.

Ndugu Mkuu wa Wilaya, mkasi unao wewe. Utepe ukate ukipenda, ila kuingia itabidi umruke mama wa watu, na wewe najua umelelewa.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa. Zile shukrani nilizotumwa bado ninazo. Nitazitoa Bibi akishainuka.