Dirisha Liachwe Wazi

Tangu basi letu litoke Nachingwea, baba mmoja wa kofia, kiti cha mbele yangu, alikataa katakata kufunga dirisha, na vumbi lote likaishia usoni kwangu. Dada aliyekaa naye, aliyekuwa anatoka semina ya malezi, akamweleza kwamba mtoto akiumizwa udogoni, jeraha hukua naye.

"Kwa semina hizo mnadekeza watoto," yule baba akajibu. "Mimi mzee wangu alinifungia ghalani na magunia ya korosho siku mbili. Nimepungukiwa nini?" "Mbona hutaki kufunga dirisha, basi?" dada akamuuliza. "Napenda hewa." Mimi hewa hiyo nilikuwa naitafuna.

Akaongeza kwamba asubuhi hiyo naye amemfungia mwanawe Imrani katika ghala lilelile, kwa kuwaachia mbuzi waingie kwenye ufuta. Dada akamnyooshea simu. "Piga nyumbani, kaka. Wamfungulie." "Atazoea," akasema, bila kuipokea.

Gari likasimama njiani kushusha gunia, na upepo wa dirishani ukakata. Konda hajamaliza kufungua mlango, yule baba alishajipenyeza nje, anahema kando ya barabara. Alikuwa anakwenda Ruangwa, na Ruangwa ilikuwa bado mbali.