Maswali ya Mama Hadassa

Bwana Médecin Chef de Zone, Mapadri na Wachungaji, Mama Hadassa tunayekuaga leo, wauguzi wenzangu, nanyi wazazi mliotoka Kalunguta na Beni: nawasalimu kwa heshima.

Mimi, Docta Manassé, nimeombwa kueleza miaka thelathini ya muuguzi huyu katika maternité yetu, wodi ya wazazi, hapa Butembo. Nitaeleza jambo moja tu, kwa sababu lilinifundisha kazi.

Miaka tisa iliyopita, Mama Victoire alinionyesha mtoto wake Élysée, wa siku mbili, akitafunatafuna bila kitu kinywani, macho yamegeukia upande mmoja. Nilimwambia mtoto anaota, nikapita. Lilikuwa degedege. Tulipolitambua, siku nzima ilikuwa imekwisha. Élysée aliishi, lakini hadi leo hatembei wala hasemi.

Sisi wengine tuliendelea na kazi zetu. Mama Hadassa alisafiri hadi nyumbani kwa Victoire huko Bungulu, akaketi naye, akamuuliza aliona nini kwanza, saa ngapi, na mguu upi ulianza kuruka. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza mama mambo hayo? Alirudi na kurasa nne za daftari. Tangu hapo, kila mtoto aliyetikisika alimshika mguu polepole, aone: unatulia, ama unaendelea? Ukitulia, ni mtetemo tu; ukiendelea, ni degedege.

Mwaka uliofuata, Mama Falonne wa Kalunguta alijifungua Keren. Asubuhi ya pili Mama Hadassa aliniita.

"Docteur, shika huu muguu. Miye nashika, haiache kuruka. Juu ya nini, sababu gani?"

Nikaushika. Uliendelea kuruka mkononi mwangu. Tukapima sukari ya damu, ilikuwa chini sana. Tukampa sukari kwa mshipa, na degedege lilipokataa kuisha, tukampa dawa yake palepale. Saa moja haikupita, Keren akatulia. Kesho yake akanyonya. Leo anasoma mwaka wa tatu wa primaire, na mama yake anasema haishi kuongea.

Wauguzi vijana, mkiingia kazini kesho, muulizeni mama kabla ya kumwangalia mtoto.

Mama Victoire, nakuona pale, umempakata Élysée. Ulichoniambia siku ile kilikuwa kweli, nami sikukuuliza zaidi. Nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote. Keren alipona kwa sababu ulikubali kumweleza Hadassa habari za mwanao.

Mama Hadassa, aksanti sana. Nanyi nyote, aksanti kwa kunitegea sikio.