Masale Niliyoyahamisha

Sogeeni, wanangu. Sefania, acha kunifunika blanketi, baridi hii nimezaliwa nayo, keti usikie. Dorkasi, utalia baadaye, leo nataka masikio yenu.

Mnajua, na mlima wote unajua, kwamba nilimuua Selemani, mpima matuta wa serikali ya Mwingereza. Mmekua mkiambiwa nilimpiga jembe kwa uchungu wa matuta yale tuliyolazimishwa kuchimba mpaka migongo ikapinda, na kwamba baba yenu aliupigania uhuru. Uongo huo sikuupika mimi, ila niliukuta umepakuliwa, nikaula nikashiba.

Nilimuua kwa sababu ya masale. Ile mimea ya mpaka, kule bondeni penye rutuba, shamba langu lilipopakana na la Selemani. Mwaka wa hamsini na saba niliyang'oa nikayapanda hatua nane ndani ya shamba lake, nikidhani mvua itafuta alama. Selemani akavuta kamba yake ya kupimia, akaona. Hakupiga kelele. Aliniita pembeni akasema, "Kornelio, yarudishe leo, nami nitanyamaza, tusiaibishane mbele ya jumbe." Angenitukana, ningemtukana, yakaisha. Aliponisitiri nikaona aibu, na kwa aibu hiyo nikainua jembe.

Nikahukumiwa kunyongwa. Walinipima uzito na urefu kama gunia la kahawa, ili kamba inifae. Kumbe huku nyumbani wazee walikuwa wakipita na barua ya kuniombea uhai, na wa kwanza kutia dole gumba alikuwa Mwanahawa, mjane wa Selemani mwenyewe. Hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha. Uhuru ulipokuja nikafunguliwa, nikabebwa mabegani kutoka Lushoto hadi hapa, watu wakiimba jina langu.

Nilimwendea Mwanahawa nikiwa na wazee na mbuzi wa kuomba radhi. Wazee walipotoka akaniambia, "Asubuhi ile mume wangu aliniaga anakwenda kukuonya juu ya masale." Nikamwuliza mbona hakusema mahakamani. Akasema, "Ningesema, nani angekuombea? Na ungenyongwa, nani angeyarudisha? Nataka uyarudishe kwa mkono wako."

Wanangu, mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Nimewaona majaji waliovaa nywele za bandia, nimemwona mnyongaji akinikagua shingo, lakini mtu wa kunitisha kwa ukubwa wa moyo ni mama yule, aliyekaa na uchungu wake akaniachia pumzi.

Na mimi? Sikuyarudisha. Nilijua nikigusa hata sale moja watu watauliza, na tawi la chama lilikwishanipa kiti cha mbele. Miaka kumi na miwili Mwanahawa anapita mlangoni, haniulizi neno zaidi ya kunijulia hali. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wanasema njia ya mwongo ni fupi; yangu imekuwa ndefu, imenichosha.

Sasa Jumamosi kamati ya kijiji cha ujamaa inaandika mashamba ya kila kaya. Wakiyakuta masale yalipo, Hadija binti Selemani atakuwa amedhulumiwa kwa maandishi, naye hata sura ya babaye haikumbuki. Sefania, usinikunjie uso. Najua kabichi zako zimo humo na zimeanza kufunga. Mwachie. Wala msiniambie habari ya heshima ya baba, kwa maana heshima hiyo ni ya marehemu. Na pale nilipowaonyesha mnichimbie kaburi, pamo ndani ya hatua zile nane. Nizikeni huku juu, kwenye mawe.

Nibebeni na kitanda hiki hiki. Leo, si kesho. Mika, shika huku miguuni. Mtachimba ninyi, lakini mkono wangu muuweke kwenye kila shina... muushikilie, hata ukiwa hauna nguvu.

Mungu awape... awape mioyo isiyoogopa aibu. Msigombane. Mpendeni Hadija. Nawabariki wote, na wewe uliyenuna.

Polepole, kifua... Nani huyo anapiga hodi? Ni yeye, nilimwita. Mfungulieni.

Shikamoo, dada Mwanahawa. Macho yangu hayaoni vizuri. Tangulia mbele... utuonyeshe yalipokuwa.