Mchinjaji Aliyefungua Moyo Mbele ya Ukoo

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mtu mmoja tu. Aliitwa Maduhu Salu, mchinjaji wa Bariadi. Amefariki wiki tatu zilizopita akiwa na miaka sitini na minne, na amezikwa kwao Lalago, wilaya ya Maswa. Wengi wenu mmekula nyama aliyoichinja. Wachache mnajua kwamba kwa miaka tisa mtu huyu aliogopa sana kufa, na hakuwa anaogopa kwa ajili yake mwenyewe.

Maduhu hakumwamini mtu. Nisipoanza na hilo, yanayofuata hayataeleweka. Ukimpelekea ng'ombe, alimfungua mdomo, akamtazama meno, akanusa pumzi yake, halafu akakutazama wewe usoni. "Ng'ombe mzima," alisema. "Wewe ndiye sijui." Mkewe, Mama Justina, anasema hata mboga ikipikwa nyumbani lazima aulize imechumwa wapi na nani. Aliacha shule darasa la nne. Alichokijua duniani alikijua kwa kisu: ini zuri, ini bovu, pafu lenye ugonjwa, ng'ombe aliyekufa akaletwa kama amechinjwa. Mtu anaweza kukudanganya, alisema, lakini ukimfungua mnyama utaona kilichomo.

Mwaka 2016, pamba ikiwa inauzwa, Maduhu alikwenda Lalago kusalimia. Aliingia kwa shangazi yake Nyanjige, dada wa marehemu baba yake. Ni mjane, hana mtoto. Huyo ndiye aliyembeba Maduhu mgongoni mama yake alipofariki. Shangazi alimpa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Akala, akaaga.

Njiani kifua kilimbana. Alisema ilikuwa kama ng'ombe amemkalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likamtoka. Alikuwa na mdogo wake Mayige. Mayige alimkalisha chini, akasubiri apate pumzi, kisha akauliza.

"Umekula wapi, kaka?"

"Kwa shangazi."

"Mlikula wote?"

"Nilikula peke yangu."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo shaka ilipoanzia.

Wiki ile ile Mayige alimpeleka kwa mganga. Mnajua inavyofanyika, msijifanye hamjui. Mgonjwa anamtemea kifaranga mate mdomoni, ili kifaranga abebe habari zake. Kifaranga anapasuliwa, mganga anasoma ndani. Mganga alionyesha doa jeusi chini ya bawa. Akasema: umerogwa, na aliyekuroga ni mwanamke, mtu mzima, upande wa baba.

Maduhu, mtu asiyeamini hata mboga ya nyumbani kwake, aliamini. Aliamini kwa sababu alionyeshwa ndani ya mnyama, na maisha yake yote ndani ya mnyama ndiko alikouona ukweli. Akasema kwa sauti, watu wakisikia: "Ni Nyanjige."

Jina likishatajwa halirudi mdomoni. Sungusungu wa kijiji, wale vijana walinzi wetu, walikwenda kwa yule bibi na fimbo zao. Hawakumgusa. Walimwambia tu kwamba Maduhu akifa, watajua pa kuanzia. Bibi aliwajibu, "Basi mwombeeni apone." Wakaondoka.

Kifua kiliendelea kubana. Aliyemtoa kwa mganga ni binti yake Justina, mwalimu wa shule huko Nyalikungu. Alimwambia, "Baba, kwa mganga ulikwenda kwa ajili ya baba mdogo. Hospitali utakwenda kwa ajili yangu." Walipita Mwanza, wakapewa barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Huko walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi kwenye moyo, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye picha. Mishipa mitatu inayoulisha moyo damu ilikuwa imeziba. Narudia: mishipa mitatu. Kile kichuma kidogo cha kutanulia mshipa kisingemsaidia. Ilibidi apasuliwe.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mmoja mtaratibu, Daktari Specioza. Alimweleza kwamba watachukua mshipa kutoka mguuni, washone kipande juu ya pale palipoziba na chini yake, damu ipite pembeni kama maji ya mfereji yanavyozungushwa mti ulioanguka.

Maduhu alimtazama kama alivyozoea kumtazama mtu aliyeleta ng'ombe usiku.

"Mama daktari, moyo uko hapa. Mguu uko kule. Fundi akifungua boneti halafu nikamkuta anatoa tairi, huyo fundi mimi namwitaje?"

Daktari alicheka. "Mwite mwizi. Lakini mguuni una mishipa ya akiba, mzee. Moyoni huna."

"Na mnachobakiza mnapeleka wapi?"

"Tunatupa."

"Mimi situpi hata kwato."

Justina anasema yule daktari hakukasirika. Alimuuliza mzee kazi yake. Aliposikia ni mchinjaji, alichukua kalamu akachora. Akamwambia: mshipa wa mguu una vijilango ndani, vinaruhusu damu ipande kwenda juu tu, isirudi chini. Kwa hiyo tukiushona tunaugeuza, wa chini unakuwa juu. Tukisahau kuugeuza, damu inagoma. Maduhu aliichukua ile karatasi akaikunja mfukoni. Alikuwa ameona hivyo vijilango mara nyingi akisafisha miguu ya ng'ombe, asijue kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu afike Dar hakubisha.

Akauliza jambo moja tu. Uchafu huu umeingia lini kwenye mishipa yangu, juzi nilipokula? Daktari akamjibu, si juzi. Miaka ishirini, pengine zaidi. Sigara, mafuta, presha ambayo hukuwahi kupima.

Miaka ishirini. Maduhu alihesabu. Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Kama asingeamka kwenye kitanda cha upasuaji, bibi aliyemlea angeuawa kwa neno lililotoka mdomoni mwake.

Asubuhi ya upasuaji alimpigia Mayige simu.

"Sikiliza. Nikifa leo, nimefia mikononi mwa madaktari. Shangazi hahusiki. Uwaambie."

Mayige akasema, "Kaka, huyo si wewe unayesema. Shangazi amekufunga mdomo usimtaje."

Nawaambia wasikilizaji wapendwa, mtu akishashuku, kila unachomwambia anakitumia kuongeza shaka. Maduhu alimrudishia Justina simu akasema, "Basi sina njia, lazima nipone."

Walimpasua mfupa wa kifua. Mashine ilimfanyia kazi ya moyo na mapafu wakati moyo wake umesimamishwa. Mshipa ulitolewa mguu wa kulia, na mwingine wakauteremsha kutoka ukutani mwa kifua. Alipona. Baada ya miezi miwili alirudi Lalago, akavua shati mbele ya ukoo ili waone. Mayige hakutazama kifua. Alitazama mguu, kovu refu kutoka kifundoni hadi karibu na goti.

"Mlikwenda kutibu moyo au mguu?"

Mzee mmoja akadakia, "Mchawi amefukuzwa kifuani, amehamia mguuni."

Watu wakaguna. Wale vijana wa fimbo nao walikuwepo. Maduhu alieleza mfereji, akaeleza mti, akaonyesha karatasi ya daktari. Karatasi ilizunguka mkono hadi mkono ikarudi. Hakuna aliyeiamini. Wengine walisema mshipa umeuzwa. Wengine walisema shangazi ana mkono mrefu, unafika Dar.

Jumamosi iliyofuata, mchana kweupe, Maduhu alichinja dume lake mwenyewe uwanjani na kuwaita wote. Alitoa moyo, akauweka juu ya ngozi. Akasema, "Mliamini kifaranga. Huyu ni mkubwa zaidi, mtaona vizuri."

Alikwangua mafuta kwa ncha ya kisu hadi mshipa ukaonekana umelala kwenye bonde lake. Akachomeka bomba la sindano aliloazima kwa bwana mifugo, lile kubwa la ng'ombe, limejaa maji. Akampa Mayige. "Sukuma." Mayige akasukuma, maji yakatokea chini kwenye ncha ya moyo. Maduhu akafunga mshipa katikati kwa uzi wa gunia. "Sukuma tena." Maji yakagoma. "Huyo ni mimi," alisema. "Ng'ombe mishipa yake haizibi hivi, yeye anakula majani. Mimi nimekula ng'ombe."

Wakacheka kidogo. Akachukua mshipa wa mguu wa dume lile lile. Hakushona. Alisema uzi wa daktari ni mwembamba kuliko unywele, yeye mikono yake ni ya shoka. Alitumia kipande cha mrija wa kalamu, akaunganisha mshipa chini ya fundo, mdomo wa juu akaufunga kwenye bomba.

"Sukuma."

Mayige akasukuma. Maji yakagoma. Akasukuma kwa nguvu, mshipa ukavimba, hakuna kitu. Mayige akaliweka bomba chini taratibu. "Nilijua," alisema. "Walikudanganya kwa lugha nzuri."

Wasikilizaji, shangazi Nyanjige alikuwa amesimama mbali, nyuma ya zizi. Vijana wawili waligeuka kumtazama.

Maduhu alitazama ule mshipa. Alitokwa jasho kama siku ile ya njiani, Mama Justina alidhani anaanguka. Kisha akaufungua, akaugeuza, wa chini ukawa juu, akaufunga upya. "Nilisahau. Daktari alinionya nikasahau. Sukuma."

Mayige hakutaka. "Sukuma, mdogo wangu."

Maji yakapita. Yalipita pembeni ya fundo, yakatoka kwenye ncha ya moyo, yakalowesha ngozi. Mayige aliendelea kusukuma hata maji yakaisha kwenye bomba. Akalijaza mwenyewe bila kuambiwa, akasukuma tena.

Yule mzee wa "amehamia mguuni" akauliza, "Kwa hiyo kifaranga alidanganya?"

"Kifaranga hakusema kitu," Maduhu alijibu. "Niliyetaja jina ni mimi. Kwa mdomo huu."

Sasa ningependa kuwaambia kwamba ukoo ulikwenda kumwomba shangazi radhi. Haukwenda. Waligawana nyama, wakaondoka. Hakuna aliyemlaumu tena Nyanjige, na hakuna aliyesema neno kwamba tishio la vijana limefutwa. Maduhu aliliona hilo. Kwa hiyo kwa miaka tisa aliishi kwa sheria moja: asife kabla ya shangazi. Aliacha sigara mara moja, hakuirudia. Alitembea kwa miguu kwenda machinjioni na kurudi. Dawa alimeza saa zile zile, hakukosa kliniki. Nyama aliiuza, hakuila. Siku moja alimwambia binti yake, "Nataka shangazi afe kwanza. Usinielewe vibaya."

Justina anasema walicheka wote wawili mpaka machozi. Lakini alijua baba yake hatanii.

Shangazi hakufa. Wiki tatu zilizopita, asubuhi, Maduhu alikaa kwenye kigoda machinjioni kupumzika, na hakuinuka. Nyanjige ana miaka themanini na tatu, bado anachota maji mwenyewe.

Nilikwenda Lalago kuzika. Minong'ono niliikuta tayari. "Bibi alikuwa na subira." "Miaka tisa alikuwa anahesabu." Vijana walisimama barabarani na fimbo, wengine ni wadogo wa wale wa mwanzo. Nyanjige alikuja akitembea, akaketi kwenye mkeka wa akina mama. Mkeka wote ukahama. Akabaki yeye na Mama Justina.

Mayige alisimama kabla mwili haujashushwa. Ana miaka sitini sasa. Alisema maneno haya, nayanukuu kwa sababu niliyaandika. "Kifaranga nilimbeba mimi. Lile bomba nililisukuma mimi, na maji niliyaona. Nimenyamaza miaka tisa kwa sababu sikutaka kuonekana mjinga mbele yenu. Kaka amekufa kwa moyo wake. Mwenye swali aanze na mimi." Mwili uliposhushwa, akamshika shangazi mkono akampeleka kaburini, bibi akawa wa kwanza kutupa udongo.

Vijana hawakuondoka. Hawakusogea pia.

Nilirudi siku ya nne. Nilimkuta Mayige ameketi mlangoni kwa shangazi, fimbo magotini. Sijui alikuwa anamlinda au anamchunguza. Nilimwuliza. Akasema, "Nakaa tu." Mimi nimemjua Mayige muda mrefu, na bado sijui.

Kwa Mama Justina, kwa Mwalimu Justina, kwa Mayige na ukoo wote wa Salu, poleni sana. Sisi wa redio hii tumepoteza msikilizaji aliyetupigia simu kila wiki kutuambia tunasema uongo. Na ninyi mnaonisikiliza, mtu wenu akibanwa kifua mkono ukafa ganzi, msimwulize amekula kwa nani. Mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo. Na yule mnayemshuku usiku huu, kaeni mfikirie jina lake lilitoka mdomoni mwa nani kwanza.

Nilimwomba Bibi Nyanjige maneno ya kumuaga Maduhu. Mayige alikuwa pale pale mlangoni, anasikia. Akasema, "Mtoto wa kaka yangu amekufa kwa ugonjwa wake. Nami naomba hivyo hivyo, mniache nife kwa ugonjwa wangu."