Koti la Baridi Kutoka Maskati

Zimeni hiyo televisheni huko chini mpande wote, na jirani yetu Hansa asiachwe jikoni, maana yeye ndiye niliyemwita wa kwanza. Kaeni mnapoona pa kukaa. Mimi nimelala kwa kuwa sina budi, lakini sijafa, na yule daktari aliyesema wiki mbili nimeshampita kwa siku nne. Nimewaita mchana huu, wanangu, ningali na akili zangu zote, asije mtu kesho akasema mama alikuwa anaweweseka. Nawajua. Nimewazaa.

Tuanze na mali, maana naona macho yenu yanakwenda kabatini. Nyumba ya mtaa wa Malindi kule kwetu ilichukuliwa baada ya Mapinduzi, inakaliwa na watu nisiowajua, na mkigombania nyumba ambayo hata ufunguo wake hamna mtakuwa kichekesho cha Ilford nzima hapa London. Nyumba hii ni ya Abdulwakil na benki yake. Changu mimi ni mkufu, bangili mbili, cherehani na nguo. Abdulwakil, mwanangu, na Shemsa, binti yangu, mtagawana kwa sheria, na sitaki kusikia kwamba mkufu ulipotea siku ya msiba, kwani vitu vya marehemu hupotea sana siku ya msiba, halafu arubaini ikipita vinaonekana shingoni mwa watu. Mjukuu wangu Mwanamwema harithi kwangu, kwa sababu mama yake, marehemu binti yangu mkubwa, alinitangulia. Kwa hivyo nimemuusia yeye bangili zote mbili. Shemsa, usivute mdomo. Sonara wa Green Street amezipima, hazipiti theluthi ninayoruhusiwa kuusia. Sidaiwi na mtu. Nadaiwa na Mungu siku nane za Ramadhani iliyopita, nilizokula hospitali, nanyi mtanitolea fidia yake kabla hamjaanza kugawana vikombe.

Hayo madogo. Sasa nililowaitia.

Alhamisi Mwanamwema anarudi mbele ya masheikh. Hansa hayajui mambo yetu, kwa hivyo nitayaeleza tangu mwanzo, na nyinyi mnaojifanya mnayajua mtayasikia upya. Mumewe, Harith, aliondoka miaka mitatu sasa kwenda Maskati kutafuta kazi, akamwacha msichana huyu na mtoto wa kike wa mwaka mmoja. Barua ikaja moja, ikawa ndiyo hiyo. Korti ya Kiingereza imeshampa karatasi yake ya talaka. Kwa Malkia yu huru, lakini kwa Mungu na kwa watu wetu bado ni mke wa mtu. Akaenda msikitini kuomba faskhi, ndoa ivunjwe, kwa kuwa mume hayupo na halishi wala havishi. Mwezi uliopita masheikh wakamwuliza swali moja: tangu aondoke, amekuletea chochote? Na huyu, niliyemlea mwenyewe na kumchapa kila alipodanganya, akasema: ndiyo, ameleta koti la mtoto, na viatu, na halua mara mbili. Nduguye Harith, yule wa Thornton Heath, hakujua lolote juu ya koti, lakini alilidaka neno hilo juu kwa juu kama mpira. "Mnaona, masheikh? Anamtunza!" Wakamwambia mwanamke anayetunzwa havunjiwi ndoa, nenda ukasubiri. Nikamtuma Shemsa akawaombe siku nyingine, wakampa Alhamisi hii.

Nani alileta vitu hivyo? Mjomba wake Abdulwakil. "Vimetoka kwa Harith, vimekuja na mtu wa ndege." Mtu wa ndege gani? Anaitwaje, anakaa wapi? Kila nikiuliza, mtu huyo keshaondoka, na kila mara keshaondoka jana.

Mimi nililipapasa lile koti hapa hapa kitandani. Koti zito la sufu, na kofia yake ya manyoya. Nikajiuliza: Maskati, mahali ambapo watu hulala juu ya mapaa kwa joto, nani huyo anayeuza koti la theluji la mtoto wa miaka minne? Na halua, jamani. Halua ya Maskati nimeila kabla sijaota meno na ninaila sasa meno yamekwisha, na zafarani ya hiyo aliyoileta isingemdanganya paka. Nikamwita Hansa, mzaliwa wa kwetu, anayefanya kazi duka la nguo barabarani pale. Nikamwonyesha koti. "Bi Thuwaiba, mie sitaki fitina za nyumba za watu." Nikamwambia fitina niachie mie, wewe shika koti. Akalishika, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hili nimelikunja kwa mikono yangu. Kaka Abdulwakil kalinunua Jumamosi moja, akaniomba nimtolee lebo." Hansa, kama nimeongeza neno, sema sasa. Hukusema hivyo? Basi.

Usiinuke, Abdulwakil. Kaa. Sijamaliza, na nikimaliza hutahitaji kuinuka, nitainuka mimi.

Mtasema koti ni kitu gani, mzee amelikalia kama kesi ya mauaji. Nitawaambia. Mwaka wa thalathini na moja, nilipomaliza miaka yangu minne ya skuli, niliozwa Mselem bin Rashid. Hamkumjua, baba yenu alikuwa wa pili. Mselem alikaa nami miezi tisa, akaenda Usumbura kwenye biashara, akasema atarudi baada ya Idi. Hakusema Idi ipi. Nikarudi kwa baba yangu, na kila mwezi akawa anakuja ami yake Mselem, Bwana Khalfan, na hamali nyuma yake na kikapu kichwani: mchele pishi mbili, samli, safari nyingine doti ya kanga. "Kimetoka kwa mumeo, anakusalimu." Nami nikapokea, nikapika, nikala, nikarudisha salamu kwa mtu ambaye hakunisalimu.

Ilipofika miaka miwili nikaenda kwa kadhi. Siku zile mahakama ilijaa wanawake kama mimi, tumekaa mkekani na mabuibui yetu, huyu mumewe yuko Kongo, huyu wake yuko Bara, yule hajui kama yuko hai, na kila mmoja na mashahidi wake wawili wa kusema kwamba mume hayupo na hakuacha kitu. Wangu nilikuwa nao. Kadhi akaniuliza lile lile alilokuja kuulizwa Mwanamwema miaka hamsini baadaye: tangu aondoke, hukupata kitu chake? Kabla sijafungua mdomo Bwana Khalfan akasimama na habari za vikapu. Kadhi akanitazama. "Binti Mbaruk, mchele umeula?" Nikasema nimeula. "Basi nenda ukale tena." Watu wakacheka. Mpaka leo nikisikia wanaume wakicheka pamoja chumba cha pili, nafikiri wananicheka mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku, na sijaacha tangu siku hiyo. Hamali aliitwa Feruzi, mtu mzima, mchache wa maneno. Nikampa maji ya kunywa nikamwuliza mzigo ule anaupakia wapi, bandarini au posta. Akanywa kwanza yakaisha. "Bibi, mie naupakia duka la hapo kona. Na anayelipa ni baba yako."

Nikamwendea baba. Nikamwuliza, mchele ni wako? Akasema ni wangu. Kwa nini basi unasema ni wa Mselem? "Ili watu wasiseme binti wa Mbaruk katupwa. Nimekusitiri, mwanangu." Nikamwambia nenda basi ukamwambie kadhi. "Nisimame mbele za watu niseme nimekuwa nikidanganya? Hilo sitalifanya nikiwa hai." Na kweli, alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Feruzi naye hakuthubutu kusema neno mbele ya bwana aliyempa kazi. Nikakaa miaka mitatu mingine, mchele ukija nikiuacha mlangoni unaliwa na kuku, na baba akipita ananiambia asubuhi njema. Alipokufa, arubaini ikapita, Feruzi akaja mwenyewe pamoja na mpima mchele wa lile duka, tukaenda kwa kadhi, mimi nikaapa, wao wakasema, na ndoa ikavunjwa kabla ya adhana ya adhuhuri. Miaka mitano, wanangu, na kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja.

Mnataka kujua kama nilimlilia baba. Nilimlilia. Mchele nimemsamehe, miaka bado. Na kabla hajafa kuna siku mbili nilimwombea afe. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Shemsa, nipandishe mto. Si huo. Na maji kidogo.

Sasa wewe, Abdulwakil. Nakujua utasema ulimwonea huruma mpwa wako, na koti nakubali lilikuwa la huruma, kwa sababu mtoto alikuwa anatetemeka na wewe huwezi kumwona mtoto akitetemeka. Lakini ungelileta kwa jina lako nani angesema neno? Mjomba kamvisha mtoto wa mpwa wake, basi. Angelivaa, angeshukuru, na mwezi uliopita mama yake angetoka pale msikitini yu huru. Ulitia jina la Harith kwa nini? Na ile halua iliyoliwa nani? Mtoto hakuonja. Uliwaita watu Jumapili, ukawapakulia mwenyewe, ukawaambia kaileta Harith. Hiyo ilikuwa ya kuwaziba watu midomo kwa maneno waliyokuwa wakisema juu ya huyo Harith wako. Wewe ndiye uliyemleta Harith nyumba hii, ukatuambia ni kama ndugu yako, mimi nikasema simpendi macho yake, ukaniambia mama wewe humpendi mtu. Kweli. Lakini yeye nilimpenda chini ya wote.

Na simu. Simu inalia alfajiri, unashuka kuipokea bila viatu, unanong'ona, kisha unatuambia mtu kakosea namba. Dakika ishirini unazungumza na mtu aliyekosea namba? Nashuku Harith ana mke huko Maskati, na nashuku unajua. Ushahidi sina. Nashuku tu. Angalia, sasa unatazama zulia.

Sikiliza kilichobaki, maana pumzi zinanipungukia. Hansa si wa dini yetu, masheikh hawatamchukua kuwa shahidi wa jambo hili. Nduguye Harith atasema linalomfaa nduguye. Mimi Alhamisi sitakuwa na miguu, na pengine sitakuwa na ulimi. Hakuna mwingine chini ya mbingu anayeweza kuwaambia vitu vile vilitoka mkononi mwa nani ila wewe. Msichana huyu ana miaka ishirini na sita. Usimfanye akakaa anahesabu umri wako kama mimi nilivyohesabu wa baba yangu.

Mwanamwema, usinijibu kwa Kiingereza, sina nguvu ya kutafsiri. Nakuusia neno moja: mtu akikuletea kitu akisema kimetoka kwa mwingine, kirudishe, hata kama una njaa. Na usilie sasa. Utakuja kulia nisipokuwapo, hapo sitakuwa na la kusema.

Msimamizi wa wosia wangu ni Shemsa. Najua mlitazamia mwanamume. Nizikeni hapa hapa London, makaburi ya Waislamu, siku hiyo hiyo kama itawezekana; msinisafirishe popote, nimeshasafirishwa vya kutosha bila kuulizwa. Hitima iwe fupi. Yule mke wa nduguye Harith asiingie chumbani ninapooshwa. Akiwaombeni, mwambieni chumba kidogo.

Subirini... subirini kidogo.

Shemsa alinipa shauri jana. Alisema, mama, mnyime kaka radhi mpaka Alhamisi ipite. Shauri zuri, lingefaulu, maana huyu anaogopa radhi kuliko polisi. Nimelikataa. Mimi nilifungwa miaka mitano, sitaki kufa nimemfunga mtu. Abdulwakil, radhi yangu unayo, kuanzia dakika hii, nzima, haina sharti. Uende Alhamisi, usiende. Ulikuwa mtoto mzuri, ila mwoga wa macho ya watu. Na wewe Shemsa unayo. Na Mwanamwema, na mtoto wake. Na Hansa, kama kwenu mnaitumia, chukua. Mungu awakutanishe na watu wanaosema ni wao wanapokuwa ni wao. Awape riziki yenye mwenyewe. Awape...

Nani anasema? Ni wewe? Usiniambie mimi, mwanangu, mimi najua. Geuka. Yule pale Mwanamwema, mwambie yeye.

Kwa sauti.

Ee. "Ni mimi niliyenunua." Naam. Hansa, umesikia. Shemsa, umesikia. Wekeni moyoni saa na siku. Sikushuku, mwanangu. Nahesabu tu waliosikia.

Msiniangalie mimi. Nimefumba macho, nasikia.

Ya simu bado. Endelea.